Kaseti ya Manjano

Kila mtu ana wimbo wake, na aghalabu wimbo huo si ule uliosifiwa na wajuzi. Yuko ambaye moyo wake hulainika asikiapo kengele ya kanisa la kijijini kwao. Yuko mwingine ambaye utoto wake wote umo katika mlio wa cherehani ya mama yake. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba mlio ule hauna thamani, hutakuwa umeuhukumu mlio. Utakuwa umeyahukumu maisha yake kabla ya kuyasoma. Nakuandikia wewe, msomaji kijana, kwa sababu mimi nilitoa hukumu kama hiyo ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na gharama yake haikuwa ndogo.

Mimi ni mwalimu, mkazi wa Kisumu, mji ulio ukingoni mwa Ghuba ya Winam katika ziwa la Viktoria. Nilizaliwa katika uwanda wa Kano, karibu na mashamba ya mpunga ya Ahero, katika nyumba isiyokosa muziki. Baba yangu alikuwa na kinanda cha santuri, na kila santuri ya benga aliipangusa kwa kitambaa safi kabla ya kuiweka, kama mtu apangusaye uso wa mtoto. Mpiga nyatiti alipokuja kijijini, nilikaa chini mbele yake hata usiku wa manane. Kwa hiyo nilikua nikiamini kwamba najua muziki ni kitu gani, na imani ile ilizaa kiburi.

Mwaka 2014 nilioa binti ambaye kwao ni Asembo, pwani ya ziwa upande wa Siaya, ingawa alilelewa hapa mjini. Ni desturi yetu mume kumwita mkewe kwa jina la kwao, basi mimi humwita Nyar Asembo, yaani binti wa Asembo. Yeye huniita Mwalimu, mara kwa heshima na mara kwa mzaha. Tangu siku za kwanza nilimsikia, aoshapo vyombo, akiimba kwa midomo iliyofumbwa lahani fupi na nyepesi, yenye kurukaruka kama mwana wa mbuzi. Siku moja nikamwuliza ule ni wimbo wa nani.

"Wa Mario," akajibu.

"Mario ni mwimbaji wa wapi?"

Akacheka hata akaweka sahani chini. "Si mwimbaji, Mwalimu. Ni fundi wa mabomba katika mchezo wa televisheni."

Ndipo alipovuta katoni iliyokuwa chini ya kitanda, akanionyesha mashine ndogo ya plastiki ya kijivu, nyaya zake, na kaseti nne za manjano. Pengine wewe, msomaji, hukuwahi kuiona mashine ya namna hiyo. Ile ya asili ilitengenezwa na kampuni ya Nintendo ya Ujapani, ikaanza kuuzwa huko mwaka 1983. Katika miaka ya 1990 nakala zake za bei nafuu zilifika katika miji ya Kenya, na watoto wakaziunganisha na televisheni za wazazi wao. Kila mchezo ulikuwa ndani ya kaseti yake, na kila mchezo ulikuwa na muziki wake.

Mke wangu aliniomba nikae nisikilize. Nilisimama mlangoni kwa dakika mbili, kisha nikasema, "Hii ni kelele ya mbu aliyefungiwa koponi." Alicheka nami. Lakini tangu siku ile aliacha kuimba lahani ile nikiwa nyumbani, nami sikutambua kuwa ameacha. Msomaji, kuna madhara ambayo mtendaji wake hayaoni, kwa kuwa yanaonekana kwa kukosekana kwa kitu tu, wala si kwa kuwapo kwake.

Mwaka 2016 tulihama kutoka chumba chetu cha kupanga, tukaingia nyumba ambayo roshani yake huonyesha ziwa kwa mbali. Asubuhi ya siku ya kuhama Nyar Asembo alikuwa kazini, nami nilibaki kupakia mizigo. Akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, akinadi kwa sauti kuu. Nilimpa pasi mbovu, jiko lililotoboka, na ile katoni ya chini ya kitanda. Alinihesabia shilingi 150. Nikajiona mtu mwenye akili, maana nilikuwa nimepunguza mzigo na kupata fedha kwa wakati mmoja. Nikaenda nikanunua ngege mmoja wa kula jioni.

Tulikula samaki yule kwa furaha, tukiwa tumekaa juu ya mabunda ya nguo. Baada ya kula, mke wangu alianza kufungua katoni moja baada ya nyingine. Nilipojua anachotafuta nilimweleza nilichofanya, tena nilimweleza kwa tabasamu. Hakupiga kelele wala hakulia. Aliutazama mfupa wa samaki sahanini kwa muda mrefu, kisha akanieleza jambo ambalo kwa miaka miwili ya ndoa sikuwahi kuliuliza.

Mashine ile ilinunuliwa na baba yao mwaka 1996, yeye akiwa na umri wa miaka minane na kaka yake miaka kumi na miwili. Kaka yake ndiye aliyemfundisha kuicheza. Ndiye aliyemwachia kishikio cha kwanza, jambo ambalo mvulana mkubwa halifanyi kwa wepesi. Walipokuwa wakubwa kidogo, kaka yake alianza kuchelewa kurudi nyumbani, na baba yao alikuwa mkali. Basi wakafanya mapatano. Kaka afikapo langoni angepiga mluzi wa noti saba za mwanzo za muziki wa Mario, na dada angetoka polepole amfungulie bila ya komeo kulia. Noti zile saba zilikuwa ufunguo wao kwa miaka mingi. Mwaka 2008 kaka yule aliugua, na baada ya wiki tatu alifariki dunia. Hapakuwa na kanda ya sauti yake, na picha zake zilikuwa chache. Kilichobaki ni mashine, na kaseti moja ambayo alikwaruza kwa msumari herufi mbili, yake na ya dada yake.

"Sikuwa nikisikiliza mbu, Mwalimu," alisema. "Nilikuwa nikisikiliza lango."

Sikupata usingizi usiku ule. Alfajiri nilitoka kuwauliza wanunuzi wa vyuma chakavu, mmoja baada ya mwingine, hata nikafika karibu na soko la Kibuye. Mchana nilimpata niliyemtafuta. Mashine ilikuwa imekwisha kupasuliwa kwa nyundo. Nyaya zilichukuliwa kwa sababu ya shaba yake, na gamba la kijivu lilikuwa vipande vipande katika gunia la plastiki. Nilipiga magoti nikapekua gunia lile mbele ya watu, na wengine walinicheka, nami niliona kuwa kicheko chao kinanistahili. Chini kabisa nilikuta kaseti moja ya manjano yenye herufi mbili. Mwenye gunia, alipoona ninavyoishika, alitaka shilingi 50. Nikalipa bila kubishana.

Nyar Asembo aliipokea kwa mikono miwili, akaifuta vumbi kwa leso yake, akaiweka rafuni. Hakusema neno la shukrani, nami sikulistahili. Zilipita siku tisa tukizungumza juu ya chumvi, maji na kodi ya nyumba tu. Usiku wa kumi umeme ulikatika mtaani. Nilikuwa nimekaa roshanini nikizitazama taa za wavuvi wa omena, ambazo usiku huenea juu ya ziwa kama mji mwingine. Mke wangu akaja na simu yake na spika ndogo, akakaa karibu nami. Akasema, "Wewe huwakataza wanafunzi wako kukihukumu kitabu wasichokisoma. Leo keti usome."

Basi nikasoma, na sasa nitakueleza nilichojifunza.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kutosikiliza kila kitu kwa pamoja. "Fuata sauti ya chini peke yake," alisema, "kama unavyofuata mtu mmoja katika umati wa watu." Nikafuata. Nikagundua kuwa chini ya ile sauti ya kurukaruka kulikuwa na besi inayotembea kwa hatua zake yenyewe, na kati yake palikuwa na sauti ya pili inayoijibu ya kwanza. Mashine ile, akaniambia, ina njia tano tu za sauti. Mbili hutoa sauti kali zinazobeba lahani. Ya tatu ni laini, nayo hufanya kazi ya besi. Ya nne ni mvumo tu, kama wa mvua juu ya bati, nao hukatwakatwa ukawa ngoma. Ya tano huweza kutoa vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Mtungaji hakuwa na kinanda wala tarumbeta wala kundi la waimbaji. Alikuwa na njia hizo tano, na kila alichotaka kusema alipaswa kukisema kwa hizo.

Tena nafasi ilikuwa ndogo mno. Mchezo mzima wa Super Mario Bros., uliotolewa mwaka 1985, pamoja na picha zake, sheria zake na muziki wake, ulienea katika kilobaiti 40. Picha moja uipigayo kwa simu leo aghalabu hutaka nafasi kubwa kuliko hiyo mara nyingi sana. Mtungaji wake, Mjapani aitwaye Koji Kondo, hakuweza kuandika wimbo mrefu; ilimpasa aandike wimbo mfupi ambao ungerudiwa mara mia bila kuchosha, kwa maana hakuna ajuaye mchezaji atakaa mahali pamoja kwa muda gani. Akafanya mahadhi yaende sambamba na kukimbia na kuruka kwa mchezaji. Na wakati wa mchezo ukaribiapo kwisha, muziki huongeza mwendo, hata mtoto asiyejua kusoma hesabu ya saa huonywa na masikio yake. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza muziki huo katika orodha ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa kwa vizazi vijavyo, nao ulikuwa wa kwanza kutoka katika michezo ya video kupewa heshima hiyo. Nilipoisoma habari hiyo nililikumbuka lile gunia la Kibuye, nikaona aibu upya.

Tangu usiku ule kusikiliza kukawa desturi yetu. Jioni mbili au tatu kila wiki, baada ya kazi na chakula, tunakaa roshanini tukichagua. Tulisikiliza muziki wa Tetris, mchezo uliobuniwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, nikastaajabu kujua kwamba lahani yake iliyo mashuhuri kuliko zote, ile iliyotumiwa katika mashine ya mkononi ya mwaka 1989, ilitokana na wimbo wa watu wa Urusi uliokuwapo tangu karne ya 19. Tulisikiliza muziki wa Castlevania wa mwaka 1986, na mke wangu akasisitiza nijue kuwa miongoni mwa watungaji wake alikuwamo mwanamke, Kinuyo Yamashita. Na kwamba sehemu kubwa ya muziki wa Street Fighter II wa mwaka 1991 ilitungwa na mwanamke mwingine, Yoko Shimomura. "Vijana waliokuwa wakipigania kishikio mtaani kwetu," alisema, "hawakujua ni mwanamke anayewapigia ngoma."

Nami sikutaka kuwa mwanafunzi tu. Jioni moja nilimletea muziki wangu. Alikuwa amezoea kuuona muziki wa nyatiti kuwa jambo la wazee na matanga. Nikamwambia maneno yake mwenyewe: fuata sauti moja peke yake. Nyatiti, msomaji, ina nyuzi nane. Mpigaji hukaa chini, nyuzi nne zikawa za chini na nne za juu. Kidoleni mwa mguu huvaa pete ya chuma ambayo hugonga ala yenyewe ikawa ngoma. Mguuni huvaa njuga. Na juu ya hayo yote huimba. Nyar Asembo alisikiliza akiwa amefumba macho, akihesabu kwa vidole. "Nyuzi za chini, nyuzi za juu, pete, njuga, na koo lake," akasema. "Ni tano, Mwalimu. Mzee huyu naye ana njia tano."

Tuliangaliana kama watu wawili waliokuwa wakichimba visima mbalimbali, wakakutana majini. Baadaye nilimchezea benga ya D. O. Misiani na kundi lake la Shirati Jazz, nikamwonyesha jinsi gitaa lilivyoyarithi mapigo ya nyatiti, likirudia kipande kimoja kifupi huku kila mara likikigeuza kidogo. Akasema kuwa Kondo angelielewa. Nadhani ni kweli. Fundi wa Ujapani na fundi wa nyatiti hawakujuana, lakini wote wawili walipewa kidogo, na wote wawili hawakulalamika.

Ilibaki hoja yangu moja ya mwisho, nayo nilikuwa nimeificha kama mtu afichavyo sarafu kwa siku ya shida. Nilimwambia muziki ule, ingawa ni mzuri, ni wa watu wengine. Hauna neno letu ndani yake. Hakunijibu. Jioni iliyofuata aliniwekea wimbo ulioanza kwa sauti za watu, wala si kwa mlio wa mashine. Baada ya punde nilisikia maneno niliyoyajua tangu utotoni, kwa Kiswahili: Sala ya Bwana. Nikauliza ni kwaya ya kanisa gani. Akaniambia kuwa si ya kanisa. Wimbo huo unaitwa "Baba Yetu". Ulitungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV, uliotolewa mwaka 2005, na walioimba kwanza ni kundi la Talisman la Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2011 wimbo ule, safari hii ukiimbwa pamoja na kwaya ya Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini, ulipata tuzo ya Grammy, na ndio wimbo wa kwanza kutungwa kwa ajili ya mchezo wa video kupata tuzo hiyo. Kwa hiyo muziki wa michezo ulipofunguliwa mlango wa heshima kubwa kwa mara ya kwanza, uliingia ukisema Kiswahili. Sikuwa na hoja tena.

Usinielewe vibaya, msomaji. Sikuambii uache vitabu vyako ukakeshe mbele ya mchezo. Mimi ni mwalimu, nimeona vijana wenye akili wakipoteza mihula kwa njia hiyo, na mke wangu hukubaliana nami. Mchezo una wakati wake, na wakati huo una mwisho. Lakini kukataza ovyo ni uvivu kama ulivyo uvivu kucheza ovyo. Mtu mwenye busara hutenganisha pumba na mchele, wala hautupi mchele kwa sababu amechoka kupepeta.

Nimebakiza jambo moja. Katika miaka hii yote mimi sikuthubutu kupiga mluzi wa zile noti saba langoni petu, ingawa nilizijua. Niliona kuwa ufunguo ule ulikuwa wa mtu mmoja, naye amekwenda nao. Mwaka 2024 binti yetu alikuwa na umri wa miaka saba, na ndio kwanza alikuwa amejifunza kupiga mluzi. Jioni moja alichelewa kwa jirani, akakuta lango la ua limefungwa. Sisi tulikuwa jikoni. Tukasikia kutoka nje, kwa pumzi dhaifu na kwa noti moja iliyopotoka, mwanzo wa muziki wa Mario. Hakuna aliyemfundisha mapatano yale. Alikuwa amezisikia noti roshanini tu, akazipenda.

Nyar Asembo aliweka sufuria chini. Alisimama kimya kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu, nami sikumgusa wala sikusema neno. Kisha akatoka, wala hakukimbia. Akaenda polepole, akalishika komeo kwa mikono miwili, akafungua lango bila ya kutoa sauti yoyote. Nilimsikia akimwambia mtoto, "Umechelewa, lakini wimbo hukuukosa." Waliporudi ndani wote wawili walikuwa wakiimba kwa midomo iliyofumbwa.

Kaseti ya manjano ingali rafuni petu. Haina mashine ya kuisomea, na fundi niliyemwonyesha aliniambia kuwa huenda haitasema tena. Yenyewe ni kitu cha shilingi 50, nami nisingeiuza kwa bei yoyote. Wewe ungali kijana, na kesho au kesho kutwa utaishi na mtu mwingine: rafiki, ndugu, mume au mke. Naye atakuja na katoni yake, na ndani yake mtakuwamo vitu ambavyo kwako ni kelele na takataka. Kabla hujamwita mwenye mkokoteni, keti naye, uulize ni vya nani, usikilize mpaka mwisho.